Bafle ya Kushoto

Hapa Mabanga, mjini Goma, mtu anaweza kukunyima chumvi, anaweza hata kukunyima salamu, lakini hakunyimi kitu ulichokiomba kwa ajili ya kilio. Kilio ndiyo matanga yenyewe. Akifa mtu, viti vya majirani vinatoka kabla wenyewe hawajamaliza kuuliza nani, na sufuria zinatoka, na turubai, na jenereta kama ipo. Hiyo ni nusu ya kanuni, na ndiyo nusu nyepesi. Nusu ya pili inasema kwamba kilichotoka kwa ajili ya kilio hakidaiwi mpaka kilio kiondolewe. Siku ya kuondoa kilio kuna misa, kuna chakula, mfiwa anavua nyeusi, na vitu vinarudi kwa wenyewe vimeoshwa. Kabla ya siku hiyo, kwenda mlangoni kuuliza kiti chako ni sawa na kuuliza: "Bado munalia tu?" Avenue yetu, yaani mtaa wetu, ina mtu aliyekula chakula akiwa amesimama karibu mwaka mzima kuliko kwenda kuuliza meza yake.

Munyaneza aliijua kanuni hiyo vizuri kama sisi wote. Ndiyo maana walipokuja kumwomba bafle, alitoa moja akabaki na moja.

Bafle ni ule mtambo wa sauti, sanduku lenye spika ndani. Za Munyaneza zilikuwa mbili, za mbao, urefu wa mtoto anayeanza shule, na kitambaa cha kahawia mbele. Zilifika kwake kwa njia ya jikoni. Baba yake, muzee Habiyaremye, alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja kule Kalengera, barabara ya Rutshuru, mtu mwenye kahawa nyingi na marafiki wachache. Zama za Zaire, serikali ilipotangaza kwamba mashamba ya wageni sasa yana wenyewe wengine, Mbelgiji alifunga mizigo, akamwita mpishi, akamwambia achague: ng'ombe mmoja wa maziwa, au mashine ya muziki ya sebuleni pamoja na sanduku lake la santuri. Habiyaremye akachagua mashine. Mke wake hakumsamehe. "Ng'ombe angezaa," alisema mpaka anaingia kaburini, na kwa hesabu alikuwa na haki. Ila ng'ombe wote wa Kalengera wa miaka ile wameliwa na jeshi moja au jingine, na mashine ipo. Tusiseme kwamba mpishi aliona mbali. Hakupenda kukamua, basi.

Mashine yenyewe ni gramafoni yenye sahani nzito, pamoja na ampli ambayo taa yake ya njano inachukua muda kuwaka, kama mzee aliyeitwa akiwa kitandani. Santuri zilikuwa za aina moja tu: jazi ya zamani, ile ya Nouvelle-Orléans, ya tarumbeta na klarineti na trombone na banjo na yule mtu wa tuba anayepumua kwa ajili ya wote. Mbelgiji hakuwa na kitu kingine. Kwa hiyo Munyaneza alikua akiamini kwamba huo ndio muziki wa Wazungu wote, na alikuwa mtu mzima, mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua kahawa, alipojua kwamba wapigaji wale walikuwa watu weusi, wajukuu wa watumwa. Habari hiyo ilimfurahisha na kumuudhi kwa pamoja. Ilimfurahisha kwa sababu zinazoeleweka. Ilimuudhi kwa sababu Mbelgiji alikuwa akijua na hakusema.

Vita vya kwanza, mashine ilifichwa ndani ya shimo la maharagwe. Mlima wetu wa volkano ulipoungua na kumeza nyumba ya kwanza ya Munyaneza, mashine ilitoka mjini juu ya chukudu, ile skuta yetu ya mbao, na yeye akiisukuma, mke wake Donatille nyuma na godoro. Nyumba ya pili, hii ya Mabanga, ilijengwa juu ya jiwe lililoachwa na mlima huohuo, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kujenga. Katikati ya sebule kulikuwa na nundu ya jiwe ambayo nyundo zote zilishindwa. Munyaneza akaisawazisha kwa saruji akaweka gramafoni juu yake. Wageni walidhani ni madhabahu. Ilikuwa hesabu: lori likipita, watoto wakiruka, sindano haitikisiki. Anayeweza kuirusha ni mlima peke yake, na huyo ndiye mwenye jiwe.

Kila Jumapili baada ya kanisa alivaa shati la vifungo, akaweka kiti cha mbao mahali ambapo alipigilia msumari sakafuni, katikati kabisa ya bafle mbili, akakaa. Kwenye msumari ule, alisema, unakuwa ndani ya bendi. Tarumbeta na ngoma ziko kushoto kwako, klarineti na trombone na tuba kulia, na wanapoulizana maswali yanapita mbele ya pua yako. Tulijaribu mmoja mmoja, na ni kweli. Donatille peke yake hakujaribu.

"Unakaaka pale sawa mutu anangoja kunyolewa," alimwambia.

"Nyamaza, klarineti anajibu."

"Anajibu nini?"

"Kama ungenyamaza tungejua."

Nyuma ya ukuta wao wa mbao aliishi Mama Jephté. Jina lake la ubatizo ni Marie-Louise, Mnande wa Butembo, mjane, muuza maharagwe. Lakini huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linahamia kwa mtoto, na mtoto wake wa kwanza alikuwa Jephté. Jephté alikuwa motari, mwenye pikipiki ya abiria, kijana wa kelele na shukrani. Alikuwa na desturi ya kusimamisha pikipiki chini ya dirisha la Munyaneza siku ya Jumapili bila kuzima injini.

"Papa Munyaneza! Ile tarumbeta iko nalia ao iko nacheka?"

"Byote mbili."

"Mutu hawezi kufanya byote mbili."

"Weye haujaoa bado."

Santuri aliyoipenda Munyaneza kuliko zote ilikuwa ya mazishi. Kule Nouvelle-Orléans, akifa mtu, bendi inamsindikiza barabarani. Upande wa kwanza wa santuri ni kwenda: polepole, ngoma imefungwa kitambaa, tarumbeta inaburuta miguu. Upande wa pili ni kurudi: mtu ameshazikwa, amezikwa vizuri, na bendi inarudi mjini ikicheza, na barabara nzima nyuma yake. Munyaneza alimweleza Jephté hayo yote kupitia dirishani.

"Batu ba Amerika habana haya," Jephté alisema.

"Bameshamaliza kazi. Ndiyo sababu banacheza."

"Basi miye nitakuyaka kwa kurudia tu. Kwa kwenda, muende nyiye bazee. Miye niko na bakliya ba kupeleka."

Na alishika neno. Upande wa pili ukianza, popote alipokuwa kwenye avenue, tulisikia honi yake ikijibu tarumbeta, ikikosea mahali palepale kila mara. Mama yake alitoka mlangoni na mwiko mkononi kumtukana, na ilikuwa wazi kwamba anafurahi.

Januari ya 2025, wiki ambayo mji ulibadilisha wenye bunduki, Jephté alichukua abiria wa kwenda Mugunga, barabara ya Sake, asubuhi ambayo mtu mwenye akili hakwenda popote. Abiria labda alilipa vizuri, labda alilia tu, hatutajua. Hakurudi. Mama Jephté alipita hospitali zote, kisha mahali pote panapowekwa maiti, kwa mpangilio huo, ambao ulikuwa mpangilio wa kila mtu siku zile. Watu walizikwa haraka na kwa pamoja, na si wote walioingia ardhini na majina yao. Baadaye, mchota maji mmoja wa Mugunga alisema alimwona kando ya barabara, amelala karibu na pikipiki, na jezi yake ya kijani. Aliporudi na watu wa kumbeba, hakukuwa na Jephté wala pikipiki. Pikipiki tunajua ilichukuliwa na walio hai. Yeye, hapana.

Basi kilio kikawekwa, kilio bila maiti, kwa neno la mchota maji. Bafle ya kwaya ya parokia ilikuwa imeondoka na waporaji, na wanakwaya wawili walikuja kwa Munyaneza wakiwa wamevua kofia. Akawapa ya kushoto, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Hawakuomba ya pili, naye hakuitaja. Alijiona mwerevu: mtu aliyebaki na moja, alifikiri, hajatoa kila kitu.

Hapo ndipo alipokosea. Angetoa zote mbili, angebaki na ukimya, na ukimya mtu anauzoea. Goma nzima imeuzoea. Alibaki na nusu ya bendi.

Jumapili ya kwanza alikaa kwenye msumari wake akawasha. Upande wa kulia, klarineti akaanza kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Trombone akamkatiza mtu asiyekuwepo. Kisha wakanyamaza wote watatu, pamoja na tuba, kwa heshima, muda mrefu, kumwachia tarumbeta nafasi yake, na tarumbeta haikuja. Munyaneza akasimama, akachomoa waya wa bafle, akauchomeka upande wa kushoto wa ampli, akaanza santuri upya. Sasa tarumbeta ilikuwepo, inauliza na kuuliza, na hakuna wa kumjibu. Tangu siku hiyo alisikiliza kila santuri mara mbili, mara moja kwa nusu hii, mara moja kwa nusu ile, akijaribu kuzikutanisha kichwani. Ilikuwa kama familia nyingi za kwetu: hawa wako Goma, hawa wako Butembo, mstari wa mbele uko katikati, na kila mmoja anaongea na simu inayokatika.

Fundi Aksanti, anayetengeneza redio karibu na soko, alikuja kuangalia. Alitazama nyuma ya ampli kidogo tu.

"Papa, hii si shida. Naunga hizi waya mbili pamoja, bendi yote inaingia mu sanduku moja."

"Bataenea?"

"Na siye mu hii mji tunaeneaka namna gani?"

Munyaneza aliwaza. Kisha akasema: "Acha. Ile ingine itarudia."

"Itarudia lini?"

"Kilio ikiondoka."

"Na kilio itaondoka lini?"

"Mutoto akipatikana."

Aksanti alikusanya vyombo vyake polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa, na hakudai hata ya safari.

Maana Mama Jephté hakutaka kuondoa kilio. Wanawake wa parokia walimwendea, katekista alimwendea. Aliwapa viti na kuwajibu wote sawa: "Nitaondosha kilio ya nani? Munionyeshe mahali amelala, nitaondosha hata leo." Alivaa nyeusi na hakuivua. Wengine wakivaa nyeusi wanasema mtu amekufa. Yeye aliivaa kama mtu anavyoshika namba ya foleni. Kwa hiyo nyuma ya ukuta mmoja wa mbao kulikuwa na mwanamke asiyekubali kusema kwamba mtoto wake hayupo, na mbele ya ukuta huohuo mwanamume asiyekubali waya mbili ziungwe. Hatukuona tofauti kubwa, isipokuwa kwamba mmoja wao alikuwa na sababu.

Donatille alichoka kusikia kila santuri mara mbili.

"Enda umuulize bafle yako. Ni jirani, hatakukula."

"Kilio haiyaondoka."

"Basi uache kupiga ile muziki yenye kukatwa miguu! Natwangaka majani ya sombe, nakosa hesabu!"

Akaenda. Alitafuta sababu ya kuingia akapata maharagwe. Mama Jephté alimpokea vizuri, akampa kiti, ambacho kilikuwa cha jirani mwingine.

"Umekuya kumuangalia, papa?"

Munyaneza akainua macho. Bafle yake ilikuwa imesimama kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Juu yake kulikuwa na picha ya Jephté akiwa ameegemea pikipiki, maua ya plastiki, rozari, na mshumaa kwenye kisahani. Kwa kuwa kaburi halikuwepo, bafle ilikuwa imepewa kazi hiyo. Urefu wake ulifaa.

"Ee," alisema. "Nimekuya kumuangalia."

"Hii kintu yenu iko nguvu. Hata panya haikuli."

"Ni mbao ya zamani, mama."

"Napangusaka kila asubui. Usiogope."

"Siogope."

Akatoka na kilo moja ya maharagwe. Wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena, kila mara akiwa na maneno tayari mdomoni, na kila mara akitoka na maharagwe. Mwishowe Donatille alisema kwamba kama bafle inanunuliwa kwa njia hiyo, ingekuwa imeshalipwa, na kwamba kwa upepo wa maharagwe hayo watoto wa nyumba yao hawawezi tena kulala chumba kimoja.

Mvua zilikuja zikaisha. Benki zilibaki zimefungwa, ndege haikutua, na Munyaneza aliendelea kuwasikiliza watu wa Nouvelle-Orléans wakizikana nusu nusu. Alianza kukonda. Tunasema hivi bila kicheko: mtu mwenye miaka yake, aliyepoteza nyumba kwa mlima na kazi kwa vita na hakukonda, alikonda kwa ajili ya tarumbeta. Kila mtu ana mahali pake panapovunjika, na si yeye anayepachagua.

Mwaka ulipokaribia kutimia, akapiga simu Butembo. Huko alikuwepo Paulin, mdogo wa marehemu baba yake Jephté, ambaye kwa desturi ndiye mwenye haki ya kusema kilio kimetosha. Munyaneza alimwambia kwamba mama anateseka. Kwamba mwaka unaisha. Kwamba maombolezo yasiyofungwa yanaleta ugonjwa. Kwamba ni kazi ya familia, jirani hawezi. Hakusema hata neno moja la uongo, na hakutaja bafle.

Paulin akaja. Kwa kuwa barabara ya Butembo na Goma imekatwa na mstari wa mbele, alitoka nchini, akazunguka kupitia Uganda, akaingia tena nchini, na safari hiyo ilimpa sauti ya mtu asiyekataliwa.

"Shemeji, miye nimezunguka Uganda nzima juu ya hii kilio," alimwambia Mama Jephté mbele yetu sote. "Haiwezi kubakia wazi sawa mulango."

"Ulipita Uganda," alisema Mama Jephté. "Na Mugunga, ulipita?"

Paulin alikuwa hajapita. Lakini alikuwa ameshalipia misa.

Aliyekubali ni mwanamke aliyechoka, si aliyesadiki. Tofauti hiyo misa haiiulizi. Siku ikafika. Padri alisoma jina la Jephté kati ya majina ya marehemu, na jina likapita. Mama Jephté alivua nyeusi, akavaa kitenge cha buluu ambacho bado kilikuwa na ugumu wa dukani. Watu walikula wali na nyama ya mbuzi uani. Paulin alisimama na glasi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akatangaza kwamba kuanzia leo shemeji yake aitwe Mama Élodie, kwa jina la binti yake aliye hai na aliyeolewa kule Beni, ili asikumbushwe kila anapoitwa. Tulijibu ndiyo. Mpaka leo hakuna aliyelitumia.

Kisha vitu vikaanza kurudi. Viti vilitoka vimeoshwa, turubai limekunjwa, na yule mtu wa meza akapata meza yake akabaki ameikumbatia, hajui ailaze wapi. Mama Jephté mwenyewe aliondoa picha juu ya bafle, na rozari, na maua, akakunja kitambaa. Akasimama na picha mkononi, akitazama sebule iliyokuwa tupu kuliko alivyoikumbuka, akatafuta mahali pa kuiweka. Mwishowe akaiegemeza juu ya gunia la maharagwe.

Munyaneza alibeba bafle kwa mikono yake miwili akakataa kusaidiwa. Ilikuwa na nta ya mshumaa juu na hakuikwangua. Akaunga waya. Taa ya njano ikawaka kwa uvivu wake. Donatille anasema alimwona akitabasamu na akaogopa, kwa sababu alikuwa amesahau meno yake.

Hapo akatenda jambo la heshima, na heshima ndiyo iliyotuponza. Angeweza kuweka santuri yoyote. Alifikiri: leo ni siku ya Jephté, nimpe upande wake. Akafungua dirisha, ili wageni waliokuwa bado uani wasikie, akaweka upande wa pili wa santuri ya mazishi.

Bendi ilitoka nzima. Tarumbeta iliuliza, klarineti akajibu, na ukuta wa mbao ukatetemeka. Uani watu waliinua vichwa. Mmoja akasema, "Ile ya honi!" na mwingine akaiga honi kwa mdomo, akakosea palepale ilipokuwa ikikosea. Wazee wawili wakaanza kutikisa mabega. Kwa muda mfupi avenue yetu ilifanana na mahali ambapo mambo yanaisha.

Mama Jephté aliingia bila kubisha. Akaja mpaka katikati ya sebule, akasimama juu ya msumari pasipo kujua.

"Hii ni nini, papa?"

"Ni upande yake, mama. Ile alikuwaka anapigia honi."

"Najua honi. Naulizia bale. Banafanya nini?"

Munyaneza ni mtu mkweli mara nyingi. Akajibu: "Banarudia kutoka ku makaburi. Kule kwabo, bakimaliza kuzika mutu, banarudia na kucheza."

"Bamemuzika nani?"

Bendi iliendelea. Hakuna aliyeiambia inyamaze.

"Nakuuliza, Papa Munyaneza. Bamemuzika wapi?"

Akainua sindano. Uani, aliyekuwa akiiga honi alimaliza peke yake.

"Na upande ingine," alisema Mama Jephté, "iko na nini?"

"Kwenda."

"Weka kwenda."

Akageuza santuri. Mama Jephté akavuta kiti cha mbao akakaa, na kwa mara ya kwanza mtu mwingine alisikiliza upande mzima kutoka pale kwenye msumari. Ngoma yenye kitambaa ilikuwa inampita kushoto, tuba kulia. Hakulia. Alisikiliza kama mtu anayesoma majina ubaoni. Sindano ilipofika mwisho na kuanza kukwaruza, aliuliza:

"Bamefika?"

"Santuri inaishaka kabla bafike, mama."

"Basi rudisha."

Paulin alirudi Butembo kwa kuzunguka Uganda, ametosheka, na anasimulia huko kwamba kilio kiliondolewa vizuri. Mama Jephté amerudia nyeusi yake. Hakuna aliyethubutu kusema kitu, kwa sababu kanuni haina kifungu juu ya hilo. Kila Jumapili baada ya kanisa anakuja na picha ndani ya kitambaa cheupe. Anatandika kitambaa juu ya bafle ya kushoto, pale kwenye nta, anaegemeza picha, anakaa kwenye kiti. Munyaneza anaweka upande wa kwanza. Yeye mwenyewe anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali ambapo bafle ya kulia inasikika yote na ya kushoto inasikika kama iko nyumba ya jirani. Ana bendi nzima sasa. Kilichokosekana ni mahali pa kukaa.

Donatille, aliyekuwa na ulimi kwa kila jambo, sasa anawapikia chai tu.

Mara moja tu kulikuwa na mazungumzo. Upande ulikuwa umekwisha, na Munyaneza alikuwa ameinama juu ya gramafoni, mgongo kwa Mama Jephté.

"Paulin hanipigiaka simu," alisema Mama Jephté. "Hajawahi. Ndiyo nikajiuliza nani alimukumbusha."

Munyaneza alishika mkono wa gramafoni.

"Ungeniuliza bafle, papa."

"Kilio ilikuwa haiyaondoka, mama. Singeweza kuuliza."

"Ungeuliza tu. Ningekupa. Bafle ni bafle, ningetia picha ku dirisha." Alinyoosha kitenge juu ya magoti. "Bafle ningekupa. Kilio ungeniachia."

Nje pikipiki ilipita ikipiga honi, motari mwingine, haraka yake mwenyewe. Wote wawili walingoja mpaka ikapita. Munyaneza alikuwa bado ameshika mkono wa gramafoni, na kwa mara ya kwanza tangu lile jiwe lisawazishwe, sindano ilitetemeka bila mlima kufanya chochote.

"Rudisha," alisema Mama Jephté.

Akarudisha.